TANGI LIPI NI BORA? SWALI LENYE MTEGO

 Ningependa kutoa maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana hapa shuleni wakati wa mapumziko, lakini mwalimu akipita linakatika ghafla kama redio iliyoisha betri.

Jambo lenyewe ni sigara ya umeme, ambayo vijana wanaiita vepu. Mwanzoni waliokuwa nayo walijificha na kunyamaza. Siku hizi wamekuwa mafundi. Utawasikia nyuma ya darasa: "Wewe bado unatumia kartomaiza? Hiyo ni ya kizamani, nunua tangi." Mwingine anadakia, "Tangi la plastiki ni kazi bure, tafuta la kioo." Wa tatu anawacheka wote wawili, ati shida si tangi, shida ni koili. Kila mmoja ana sababu zake, na ukweli ni kwamba nyingi za sababu hizo ni sahihi. Hapo ndipo ninapoona hatari yenyewe. Mtu akisema uongo ni rahisi kumpuuza, lakini hawa wanasema kweli juu ya swali ambalo halikufaa kuulizwa. Mimi naona kwamba yeyote aliyekwisha kufika kwenye swali la tangi lipi ni bora, amerukishwa swali la kwanza bila kujua, na aliyemrukisha ni muuzaji.

Kwa faida ya wale ambao hawajaiona, hasa walimu wetu wa zamani kidogo (mnisamehe), hebu nieleze kifaa hiki kilivyo. Fikirieni koroboi. Koroboi ina mkebe wa mafuta ya taa, ina utambi unaonyonya mafuta, na juu kuna moto. Vepu ni koroboi isiyo na moto. Badala ya mafuta ya taa ina maji mazito ya propilini glaikoli na gliserini, yaliyotiwa nikotini na manukato ya embe, mnanaa au peremende. Badala ya moto ina waya mdogo uliosokotwa, yaani koili, ambao hupata joto kutoka kwa betri kama lile jiko la umeme la sahani. Maji yakifika kwenye koili yanageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaovutwa. Aliyebuni sigara ya umeme ya namna tunayoijua leo ni mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, mwaka 2003.

Sasa, kartomaiza ni kikopo chembamba kilichoshindiliwa kitu kama pamba ya mto, na pamba hiyo imelowa yale maji huku waya umepita katikati. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuona ndani. Pamba ikikauka hujui, unavuta tu, na koo linapata ladha ya kitu kilichoungua. Tangi nalo ni kikombe kilicho wazi kwa macho; maji yanaonekana yamebaki kiasi gani, na koili ikichoka inabadilishwa peke yake. Kwa hiyo kama ni kushindana kwa ufundi tu, tangi limeishinda kartomaiza, sina ubishi.

Na hata habari ya kioo na plastiki si porojo. Yapo manukato, hasa ya mdalasini na ya matunda ya jamii ya limau na machungwa, ambayo hupasua aina fulani ya plastiki ngumu inayotengenezewa matangi. Maji yanakaa ndani, plastiki inaingia ukungu, inapata nyufa, halafu linavuja mfukoni. Kwa hiyo fundi wetu anashauri: nunua la kioo. Lo! Nilipolisikia hili nilitazama huku na huku nione kama kuna mwingine ameshtuka. Maji yanapasua plastiki, na tunachojadili ni mahali pazuri pa kuyaweka kabla hayajaingia kifuani? Sisemi kwamba mapafu yatapasuka kama tangi, mapafu si plastiki. Nasema kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Tuje kwenye koili, manake hapa nimeshika chaki mwenyewe. Sisi wa kidato cha tatu tumesoma kanuni ya Omu katika Fizikia, na sikujua kama ingenifaa nje ya mtihani. Betri ya vepu huwa na volti kama 3.7. Ukiweka koili ya omu 1.8, mkondo ni ampea 2 na kidogo, na nguvu yake ni kama wati 7.6. Ukiibadilisha uweke koili ya omu 0.5, mkondo unaruka hadi ampea 7.4, na nguvu inafika wati 27 na zaidi. Betri ni ileile. Umebadilisha kijiwaya tu ambacho hakifiki hata urefu wa ukucha, na nguvu imeongezeka zaidi ya mara tatu. Nguvu ikiongezeka, maji mengi zaidi yanageuka mvuke katika pumzi moja. Ukiwa na maji yaleyale, mvuke mwingi ni nikotini nyingi. Wenyewe husema koili hiyo "iko sawa" au "inatoa moshi wa maana". Lakini hawachori jedwali.

Basi na tuchore hesabu ya nikotini pia. Baadhi ya chupa na vepu za kutupa zimeandikwa asilimia 5. Hiyo ni miligramu 50 katika kila mililita moja. Tangi dogo la mililita 2 litakuwa na miligramu 100. Mvutaji wa sigara ya kawaida huingiza mwilini miligramu 1 hadi 2 hivi kwa sigara moja. Ni kweli kwamba si nikotini yote iliyo ndani ya tangi inayoingia mwilini, nyingine inatoka na mvuke hewani, lakini hata ukiigawa nusu, au ukaigawa tena nusu ya nusu, bado umebeba pakiti nzima ndani ya kitu cha ukubwa wa kalamu. Nchi za Umoja wa Ulaya, ambazo haziogopi vepu, zimeweka mpaka: nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita, na tangi lisizidi mililita 2. Yaani ile tunayoonyeshana hapa nyuma ya darasa, kule haiuzwi dukani kwa halali.

Tena zamani nikotini nyingi ilikuwa inajitetea yenyewe, kwa kuwa ilikuwa inakwaruza koo hata mtu anakohoa na kuacha. Siku hizi huchanganywa na asidi ikawa ya aina ya chumvi, inateleza kooni kama maji ya matunda. Kikohozi kilichokuwa kinamfukuza mtoto mlangoni kimeondolewa.

Najua nitajibiwa. Kuna rafiki yangu, hodari wa mdahalo kuliko mimi, ambaye huniambia, "Lakini hata madaktari wa Uingereza wanasema vepu si mbaya kama sigara." Ni kweli wamesema hivyo. Wanasema mtu mzima anayevuta sigara, akishindwa kuacha kabisa, ni afadhali ahamie vepu, kwa sababu haina lami na moshi wa jani linaloungua. Mimi sina neno na hilo. Kama kuna mzee ambaye amevuta sigara kwa miaka thelathini na anataka kuokoa kifua chake, mwacheni aulize tangi lipi, lile ni swali lake halali kabisa. Lakini hebu tuhesabiane hapa darasani. Kati ya wale ninaowajua wanaovuta vepu, hakuna hata mmoja aliyekuwa anavuta sigara kabla. Wameacha nini? Dawa ya kumtoa mtu shimoni imegeuzwa ngazi ya kumshusha yule aliyekuwa amesimama juu salama. Na madaktari haohao wa Uingereza wanasema kwamba asiyevuta asianze, na watoto wasiguse. Hiyo nusu ya pili ya sentensi rafiki yangu huwa anaisahau.

Halafu kuna habari ya Marekani ya mwaka 2019. Vijana wengi wenye nguvu zao walianza kufika hospitalini wakishindwa kupumua. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa watu 2,807 waliolazwa au kufa, na waliokufa walikuwa 68. Ni lazima niseme ukweli wote: wengi wao walikuwa wamevuta maji yaliyotiwa dawa ya bangi, na kilicholaumiwa sana ni aina ya vitamini E ya mafuta iliyochanganywa humo. Si kila vepu ina kitu hicho. Lakini nijibuni, yule kijana aliyenunua mtaani angejuaje? Tangi lake lilikuwa safi, pengine la kioo, maji yanaonekana vizuri. Alichokiona ni kiwango cha maji. Kilichokuwa ndani ya maji hakikuonekana.

Sisi watu wa huku tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Nendeni kituo chochote cha kununulia majani ya chai, Bomet au Kericho. Karani hamwagi kikapu kwenye mzani kwa sababu kimejaa. Anatia mkono, anageuza, anatafuta majani mawili na chipukizi, na yale magumu anayatoa, mama akilalamika asilalamike. Hayo ni majani yatakayokunywewa na mtu wa London ambaye hatutamwona maishani. Tunamlinda yeye hivyo, na sisi wenyewe tunapokea chupa kutoka kwa mtu wa bodaboda, yeye kaipata kwa mtu wa Nakuru, na wa Nakuru kaipata kwa nani?

Hata bei inatoa ushahidi. Serikali yetu ilianza kutoza ushuru wa shilingi 70 kwa kila mililita ya maji ya nikotini mwaka 2022, na Desemba 2024 ikapandisha hadi shilingi 100. Kwa kiwango hicho vepu ya kutupa yenye mililita 10 inapaswa kuwa imelipiwa ushuru wa shilingi 1,000 hata kabla ya kuongeza bei ya betri, usafiri na faida ya muuzaji. Sasa mtu akikuuzia hiyohiyo kwa shilingi 700 usishangilie. Jiulize imepita njia gani. Kitu ambacho hakikupita kwa mtoza ushuru, hakikupita pia kwa yeyote wa kukipima.

Nimeandika juu ya volti na ushuru kwa sababu ndiyo lugha ya wale mafundi wetu, lakini linaloniuma si hesabu. Linaloniuma ni mwenzetu mmoja ambaye sitamtaja jina wala darasa. Huyu alikuwa akimaliza hesabu kabla mwalimu hajamaliza kufuta ubao. Siku hizi kipindi cha mara mbili hakimalizi. Dakika ya ishirini anaanza kutikisa goti, anaangalia dirishani, anaomba ruhusa kwenda haja. Akirudi ametulia, anatabasamu, halafu baada ya muda goti linaanza tena. Watu humcheka kwamba ana tumbo la kuendesha. Likizo iliyopita alichuma chai shambani kwao wiki nzima, na pesa aliyopewa ya viatu haikununua viatu. Alinunua tangi jipya, tena akanionyesha kwa furaha lile la zamani lilikuwa na kasoro gani. Nilimsikiliza. Alieleza vizuri sana, kwa mpangilio, kama anavyoeleza hesabu. Wanasayansi wanasema ubongo wa binadamu huendelea kujijenga hadi karibu miaka 25, na nikotini ikiingia wakati wa ujenzi huo huuzoesha vibaya na kusumbua makini na kumbukumbu. Mimi si mwanasayansi, lakini lile goti naliona kila siku.

Na mama yake hajui. Sigara ina adabu moja, inanuka. Mtoto akivuta sigara njiani, sweta linamshtaki kabla hajafika mlangoni. Vepu inanuka embe. Mama anafikiri ni peremende, na pengine anafurahi kwamba mtoto amejinunulia kitu kitamu. Sisi ni wa shule ya kutwa, asubuhi tunapita soko la Sigor, jioni tunapita tena, hakuna ukuta wala mlinzi wa lango kati yetu na muuzaji. Wenzetu wa bweni wana lango. Kinga yetu ilikuwa ni pua ya mama, basi, na sasa hata hiyo imedanganywa.

Si mara ya kwanza tunafanyiwa ujanja wa namna hii. Kuber ilikuja ikijiita kitu cha kuburudisha mdomo, kumbe ni tumbaku. Mwaka 2019 mifuko midogo ya nikotini iitwayo Lyft ikaanza kuuzwa nchini. Mwaka 2020 waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema kwamba ilisajiliwa kinyume cha sheria, ikaondolewa, na baadaye mifuko ya namna hiyo ikarudi madukani kwa jina la Velo. Jina linabadilika, nikotini ni ileile.

Sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ni ya mwaka 2007. Inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Ni sheria nzuri, lakini walioiandika walikuwa wanafikiria jani, hawakuwa wanafikiria betri. Mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma alipeleka mswada katika Seneti wa kuirekebisha ili iguse pia sigara za umeme na mifuko ya nikotini. Jirani zetu wa Uganda hawakungoja hivyo: sheria yao ya mwaka 2015 ilipiga marufuku sigara za umeme moja kwa moja, kuziingiza na kuziuza. Mimi naunga mkono kubana, ila sina imani kubwa na karatasi peke yake. Sheria hiyohiyo ya 2007 inasema sigara zisiuzwe chini ya kumi katika pakiti. Nani kati yetu hajaona sigara ikiuzwa mojamoja, na kiberiti kimefungwa kwa uzi dukani ili mteja ajiwashie?

Sasa nafika kwa walimu wangu, na naomba niseme kwa heshima. Tunapekuliwa mifuko. Anayepatikana anapigiwa mzazi simu na kurudishwa nyumbani wiki mbili. Najua walimu hawana raha na jambo hilo, na sisemi kusiwe na adhabu. Lakini wiki mbili nyumbani kwa mwanafunzi wa kutwa ni wiki mbili sokoni, karibu na yule aliyemuuzia, bila hata kengele ya kumkatiza. Anarudi akiwa na kiu zaidi na masomo machache. Na wale waliobaki wamejifunza jambo moja tu, kuificha vizuri zaidi. Hakuna aliyewaambia kilichomo, kwa hiyo wanaendelea kufundishwa na fundi wa nyuma ya darasa, ambaye yeye angalau hueleza.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza, moja ya zile vepu zilizokamatwa iletwe maabara, betri itolewe na mwalimu, na tangi lifunguliwe mezani mbele yetu sote. Tupime omu za ile koili kwa mita yetu wenyewe. Tuone pamba ilivyogeuka nyeusi baada ya siku chache za kupikwa. Tusome kwenye chupa ni miligramu ngapi na tuzizidishe wenyewe. Nadhani kitu kikishafunguliwa mezani kwa mwangaza wa mchana, kinapoteza ule uchawi wa nyuma ya darasa. La pili, afisa wa afya ya umma aalikwe siku ya wazazi, aje na picha za vifaa hivi, ili akina mama wavione na kuvinusa. Harufu ya embe kutoka mfukoni iwe na maana kwao.

Kwa upande wa chama chetu cha Kiswahili, nimemwandikia katibu mada ya mdahalo wa muhula ujao nayo ni hii: "Muuzaji wa vepu alaumiwe zaidi ya mwanafunzi anayeivuta." Mimi nitakuwa upande wa kuunga. Rafiki yangu yule hodari ameshakubali kupinga, na ameniahidi kwamba safari hii atasoma ile sentensi ya madaktari mpaka mwisho. Mwenzetu wa kipindi cha mara mbili nimemwomba awe mtunza saa. Amesema atajaribu kukaa mpaka mwisho.